Kiti Si Pambo

Katika vikao vya kamati za harusi kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa, mjadala umekwisha: "Hatuwezi kumwalika mtu, kachangia, halafu tumkalishe kwenye kiti kitupu." Huitoa mmoja tu, aghalabu mwenye sauti kubwa na ahadi kubwa, na mweka hazina anainama kuandika: viti 300, vitambaa 300, tepe 300. Hakuna anayeuliza kama watu 300 watakuwapo ndoa inapofungwa. Hakuna anayeuliza jua litakuwa upande gani. Kiti kitupu kimeshaitwa aibu, na mbele ya aibu kamati huacha kupiga hesabu.

Kinachochekesha ni kwamba harusi yenyewe imetolewa nje kwa sababu ya fedha. Wachumba wamekaa, wamepiga hesabu ya ukumbi, wameona haushikiki, wakaamua ndoa ifungwe uwanjani kwa baba mdogo huko Mbezi, au ufukweni Kigamboni, au chini ya miti ya shangazi kule Tanga. (Wakatoliki hawana uhuru huo sana; Kanisa lao linataka ndoa ifungwe kanisani, na kwingineko ni mpaka kibali.) Uamuzi wa busara kabisa. Kisha kamati inaleta orodha ya vitu vya ukumbini na kuishusha uwanjani, na shilingi zilizookolewa kwa kukimbia ukumbi zinaishia kwenye viti.

Naona kosa haliko kwenye bei. Kosa ni kwamba viti vimekabidhiwa kamati ndogo ya mapambo, wakati wenyewe halali ni kamati ndogo ya mapokezi. Mtu wa mapambo anakitazama kiti kikiwa hakina mtu: rangi yake, utepe wake, mstari ulionyooka, picha itakayotoka. Mtu wa mapokezi anamtazama atakayekikalia: ana umri gani, atasubiri muda gani, jua litampiga wapi, ataona nini. Wape hao wawili fedha ileile uone kama watarudi na kitu kimoja.

Wenye maoni yale ya kawaida wana jambo lao, na si dogo. Harusi za kwetu ni za kuchangiana. Mtu amejikamua mfukoni miezi mitatu, amekumbushwa kwenye kundi la simu mpaka akachoka, siku ya siku anafika na nguo aliyoishonesha. Akikuta hana pa kukaa ana haki ya kununa. Tena wapo wazee ambao magoti yao hayataki mjadala, na wapo wakwe wanaopima heshima ya familia kwa kila kitu wanachokiona. Hayo yote nayakubali. Nisichokikubali ni kuruka kutoka "mgeni apate pa kukaa" hadi "kila kadi ipate kiti kilichovishwa". Katikati ya hayo mawili kuna pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo ndimo bajeti za watu zinamopotelea.

Tuchukue mfano, kila mtu aweke bei za mtaani kwake. Tuseme kiti cha plastiki kinakodishwa shilingi 500, na kitambaa pamoja na utepe shilingi 1,000. Kwa viti 300, vyenyewe ni shilingi 150,000 na nguo zake ni shilingi 300,000. Nguo imempita mwenye nguo mara mbili. Kamati hiyohiyo, dakika kumi baadaye, itakataa turubai la ziada kwa sababu "bajeti imebana".

Na nguo hizo zinafanya kazi gani? Kitambaa ni cha poliesta, kinateleza. Mama aliyevaa gauni la satini akikaa juu yake, kila akisogea anashuka kuelekea mbele, anajivuta nyuma, anashuka tena. Fundo la utepe linanasa mkanda wa mkoba wa anayepita. Watoto wanaoachwa wakisubiri bibi harusi huanza na ncha ya utepe. Ibada ikianza, nusu ya mafundo yananing'inia. Ufukweni miezi ya kusi mambo yanazidi: kiti cha plastiki hakina uzito wa maana, na kitambaa kipana kikijaa upepo kinakiangusha kikiwa kitupu. Nani asiyeuona mchezo huo wa vijana wawili wa mapambo wakikimbia huku na huko kuinua viti, suruali nyeusi zimejaa mchanga?

Jambo la ajabu ni kwamba kiti kile kinachoonewa aibu kilitengenezwa kwa ajili ya kukaa nje. Mfaransa Henry Massonnet alikitoa cha kwake mwaka 1972, kipande kimoja cha plastiki kinachomwagwa kwenye kalibu kwa muda usiofika dakika mbili, na tangu hapo kimenakiliwa dunia nzima. Mvua haikiharibu, kinapangwa kimoja juu ya kingine, kinafutwa kwa kitambaa chenye maji na kinang'aa. Kikiwa safi, cheupe, na vyote ni vya aina moja, hakina cha kufichwa. Kinachotia aibu ni viti vichafu na vya mchanganyiko, chekundu hapa, cha kijani pale, kimoja kimepasuka mguu. Dawa ya hilo ni ndoo ya maji yenye sabuni na mtu mmoja mkali wa kwenda kuvikagua kwa mkodishaji kabla havijapakiwa.

Wale wenye uwezo zaidi hukimbilia viti vya Chiavari, vile vyenye miguu myembamba na mgongo wa fito vinavyopakwa rangi ya dhahabu. Ni viti vizuri; seremala Giuseppe Gaetano Descalzi aliviunda mwaka 1807 katika mji wa Chiavari, Italia, akitaka kiti chepesi na imara. Ila viliundwa kwa ajili ya sakafu. Vipeleke kwenye mchanga wa Bagamoyo au kwenye nyasi zilizonyeshewa usiku, kipe kila kimoja mtu wa kilo 80, na miguu ya nyuma itaanza kuzama. Utawaona wageni wanainama nyuma polepole, kila mmoja kwa kiwango chake. Dhahabu ya kukodi haisaidii hapo.

Sasa tuje kwenye jua, maana hapa ndipo maoni ya kawaida yanapoanguka kabisa.

Watu wengi hudhani wakishasimamisha turubai wamepata kivuli. Wamepata kivuli cha saa sita. Kivuli hutembea. Chukua turubai lenye upana wa mita 6, ukingo wake ukiwa mita 2.5 kutoka ardhini, ubavu mrefu ukitazama magharibi, Dar es Salaam, mwezi wa tatu au wa tisa. Saa kumi jioni jua limeshuka kiasi kwamba linaingia chini ya ukingo karibu mita 3 na nusu likipimwa ardhini. Wanaoketi safu ya kwanza hadi ya tatu kutoka ukingo huo linawapiga mapajani, na wa pembeni kabisa linawapiga usoni. Saa kumi na moja eneo lote chini ya turubai limeshaingiliwa na jua, na kivuli mlichokilipia kimelala nje upande wa mashariki, juu ya majani, hakina mtu.

Wageni hawahitaji hesabu hiyo. Miili yao inaijua. Mmoja anainuka na kiti chake anasogea, wa pili anafuata, na baada ya nusu saa mistari ile iliyopangwa kwa kamba tangu asubuhi imekuwa fungu la watu upande mmoja, njia ya maharusi imezibwa, na mshereheshaji anabembeleza kwenye kipaza sauti watu warudi mahali pao. Hawarudi. Nani arudi juani kwa ajili ya utepe?

Tiba ya jambo hili ni rahisi kuliko vitambaa, na sehemu yake ni ya bure. Siku yoyote kabla ya harusi, mtu mmoja aende uwanjani saa ileile ya ibada na atazame kivuli cha nguzo kimelala wapi. Turubai lisimamishwe likiwa limesogezwa magharibi ya viti, ili kivuli kikitembea kiwafuate wageni badala ya kuwakimbia. Ubavu wa magharibi ushushwe pazia, hata la mashuka, na ule wa kusini uachwe wazi upepo upite. Wageni wasipangwe kutazama magharibi jioni, kwa maana hawatamwona bibi harusi, wataona mng'ao tu. Na kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba jua la jioni ukanda wetu wa pwani huegemea kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili huegemea kusini, mwelekeo uliofaa harusi ya dada mwaka jana si lazima uifae ya kaka mwaka huu. Bara kwenye baridi mambo hugeuka: Arusha au Nairobi mwezi wa saba, mgeni atakushukuru ukimwachia jua kidogo.

Kuna na miti. Mwembe wa zamani wenye matawi mapana unashinda turubai lolote, ila ukaguliwe kwanza: wakati wa msimu maembe huanguka bila kubisha hodi, na maji moto wakiwa na viota juu, mahubiri yatakatizwa na watu wanaojipiga shingoni. Mnazi usiuhesabu kabisa. Kivuli chake ni cha picha, na nazi haichagui kichwa.

Turudi kwenye idadi. Kadi za siku hizi zina saa mbili: ibada saa nane, sherehe saa kumi na mbili. Kila aliyewahi kusimamia mlango anajua kuwa walioitwa kwa saa zote mbili huja kwa wingi kwenye ile ya pili. Kwenye kufunga ndoa wanakuja ndugu, majirani, wanakwaya, marafiki wa karibu. Wengine wako kazini, wengine wako saluni, wengine wanasema watatukuta kwenye chakula. Kupanga viti vya ibada kwa idadi ya kadi ni kulipia watu ambao hawakukusudia kuja, na matokeo yake ni mabaya kuliko ubahili: safu nne za mbele tupu, zimevishwa, watu wamejazana nyuma. Hakuna picha ya harusi inayohuzunisha kuliko hiyo.

Mwenye uwezo wa kujua idadi ya kweli yumo ndani ya kamati. Ni mweka hazina. Ana namba ya simu ya kila aliyechangia. Aliyeweza kuwapigia watu mara tano akidai ahadi hawezi kushindwa kuwapigia mara moja kuuliza, "Utakuja kwenye ibada au utatukuta jioni?" Wapangiwe waliosema ndiyo, na viti vichache vya akiba vibaki vimerundikwa nyuma ya turubai, visitangazwe, vitolewe watu wakizidi. Kenya, ambako harusi nyingi za bustanini haziingiwi kwa kadi na jirani huja na jirani yake, rundo hilo liwe kubwa zaidi. Na kama chakula kinaliwa palepale, viti hivyohivyo vihamishiwe mezani wakati maharusi wanapiga picha. Vijana wanne wanaimaliza kazi hiyo mapema, mradi viti havina mikia ya kuburuza.

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili: ibada ni fupi, wanasema, watu wasimame. Hao hawajawahi kumsubiri bibi harusi. Kwenye kufunga ndoa mgeni hachoshwi na ndoa, anachoshwa na kusubiri. Kadi imeandikwa saa nane, gari limetoka saluni saa tisa kasoro, na mchungaji ameanza saa tisa na nusu. Kiti kinahitajika kwa ajili ya dakika hizo 90, na kwa hiyo kamati inayotaka kupunguza viti ianze kwa kumtoa bibi harusi saluni mapema.

Na sasa mkeka. Ukiutaja kikaoni watu hukuangalia kama umeleta habari ya msiba. "Tuwakalishe watu chini?" Lakini pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Unguja na kushuka Kilwa, nikaha hufungwa watu wamekaa chini, na hakuna aliyewahi kuhesabu hilo kuwa ni umaskini. Chane za miyaa zimesukwa ukili, ukili umeshonwa ukawa jamvi, na juu yake wanaketi wanaume wa kanzu na kofia, bwana harusi amepeana mkono na walii, sheikh kando yao. Msikitini waziri na mvuvi wanakaa jamvi moja, tena anayefika kachelewa anakaa nyuma hata awe nani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo inazitambua ndoa hizo pamoja na za kanisani, za serikali na za kimila, inadai mashahidi wasiopungua wawili. Ya viti imewaachia wenye shughuli.

Sisemi watu wote wakae chini. Aliyebana sketi hadi kwenye magoti hawezi, mwenye suti ya kukodi hataki, na bibi wa miaka 70 akishuka atahitaji watu wawili kumwinua. Wala jamvi halivumilii uzembe. Linataka ardhi iliyofagiwa na turubai la plastiki chini yake kama kuna unyevu, mahali pa kuweka viatu, na kivuli kuliko hata viti. Jamvi juani ni adhabu. Lakini ndani ya masharti hayo linatatua jambo ambalo viti haviliwezi.

Uwanja ni tambarare. Ukipanga viti safu baada ya safu, wote wa kimo kimoja, kuanzia safu ya tatu watu wanaona migongo na vilemba. Ndiyo maana pete zikitolewa watu wanasimama na simu zao, na wa nyuma nao wanasimama, mpaka walioketi ni wazee peke yao, wakisikiliza makofi ya jambo wasiloliona. Panga badala yake kama picha ya timu ya mpira: watoto na vijana kwenye majamvi mbele, wazee na wakwe kwenye viti mara tu baada yao, wengine kwenye viti na mabenchi nyuma yao, na wale wasiokaa kamwe, kila harusi inao, wasimame pembeni. Bibi yule wa miaka 70 sasa anaona juu ya vichwa vya wajukuu. Na idadi ya viti vya kukodi imeshuka bila mtu kudhalilishwa, kwa sababu aliyepelekwa jamvini amepelekwa mbele.

Mistari iliyonyooka nayo iachwe ukumbini. Watu 150 kwa safu za watu kumi kumi ni safu 15. Kila safu ikichukua sentimita 90, wa mwisho yuko zaidi ya mita 13 kutoka kwa maharusi. Wazungushe haohao nusu duara na wa mbali atakuwa kwenye mita 8 au 9. Atasikia kiapo hata umeme ukikatika. Kwa maturubai ya mstatili, mawili yakisimamishwa kwa pembe yanatosha kuupata mkunjo huo.

Kuhusu mabenchi nitasema kidogo tu. Benchi la mita 2 linabeba watu wanne, na shule au kanisa la jirani likiombwa kwa adabu mara nyingi linatoa kwa gharama ya usafiri. Yarudishwe Jumapili alfajiri, kabla ya ibada ya kwanza, la sivyo harusi inayofuata mtaani itanyimwa kwa sababu yenu.

Yote haya yanahitaji watu, na hapo ndipo kamati ya mapokezi inapostahili fedha yake. Shangazi wawili wanaojua koo zote mbili, wamesimama kwenye njia ya kuingilia, wana thamani kuliko tepe 300. Wao ndio wanaojua kuwa mzee huyu ni mjomba wa bibi harusi japo amevaa vibaya, kwamba mama yule ana mtoto mchanga akae mwisho wa safu karibu na njia, kwamba ndugu wa kiti cha magurudumu aachiwe nafasi ubavuni mwa safu ya pili asisukumwe nyuma kabisa. Wanajua pia nani na nani wasiwekwe jirani. Injili ya Luka, sura ya 14, ina mfano wa mgeni wa arusini aliyejipachika kiti cha mbele akaja kuondolewa mbele za watu. Aibu iliyosimuliwa pale ilitokana na nani amekaa wapi. Kama kiti chenyewe kilivishwa au hakikuvishwa, hatuambiwi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenyekiti wa kamati ni dogo. Kwenye kikao kijacho, futa mstari wa vitambaa, hamisha viti kutoka mapambo kwenda mapokezi, na fedha itakayobaki ilipie turubai la pili. Mkalikodi mapema; Jumamosi asubuhi huwa yameshatoka yote.